Maua ya Shufwa kwa Namba Tisa

Maua sita.

Niliyahesabu mara tatu kwa kidole, kama nilivyowafundisha watoto wa watu kwa miaka thelathini na minane. Mara zote tatu yalikuwa sita.

Kwetu hata mtoto anayejifunza kutembea anajua kanuni hii. Aliye hai hupewa maua witiri: matatu, matano, saba. Shufwa ni haki ya maiti. Mawili, manne, sita, hayo hupelekwa makaburini, na hakuna muuza maua atakayekufungia sita kabla ya kukuuliza, kwa sauti ya chini, umefiwa na nani.

Sita haya hayakupelekwa makaburini. Yaliletwa kwenye mlango wa chumba cha wachezaji, kwa mjukuu wangu, akiwa hai, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, akiwa ametoka kufunga pointi kumi na tisa.

Palikuwa na kikaratasi. Maneno matatu tu.

"Kwa Namba Tisa."

Jezi ya mjukuu wangu ilikuwa namba tisa.

Jina langu ni Yefim Lukich. Kabla ya kustaafu nilikuwa mwalimu wa hesabu katika mji mdogo wa migodi, upande wa pili wa milima ya Ural. Agniya ni mtoto wa binti yangu. Binti yangu alifariki mtoto akiwa na miaka minane, nasi wazee wawili tukamlea. Kisha mke wangu naye akatangulia, nikabaki mimi.

Alipofika miaka kumi alikuwa amenifikia begani. Kumi na mitatu angekuja kunipita. Watoto wa mtaani wakamwita Mlingoti, naye akawa anarudi nyumbani amejikunja kama alama ya kuuliza.

"Simama wima," nilimwambia. "Urefu si kosa la jinai."

Mwaka uleule wa kumi nikamshika mkono nikampeleka ukumbi wa mpira wa kikapu.

Kwa miaka kumi na minne hakukosa zoezi. Akiwa na mafua, alikwenda. Akiwa na kifundo kilichovimba, alikwenda akichechemea. Akilia, alilia njiani, lakini alikwenda. Sikumbembeleza hata siku moja, na nilijivunia jambo hilo mbele ya majirani. Mtaona lilitufikisha wapi.

Mwaka ule ninaousimulia, na sasa ni zaidi ya miaka kumi na mitano, klabu kubwa ya mji wa mkoa ilimsajili kwa misimu miwili. Tukahamia huko wote wawili, tukapanga vyumba viwili ghorofa ya nne. Ukicheza vizuri katika klabu ile, macho ya timu ya taifa yanakuona. Hilo ndilo tulilolitaka. Tulilitaka kama mwenye njaa anavyotaka mkate.

Siku ya kugawa jezi nilikuwapo. Mtunza vifaa alikuwa kijana mpya.

"Zimebaki nne, kumi na tano na tisa," alisema. "Hii tisa haijavaliwa miaka mingi, sijui kwa nini. Mimi nimeanza kazi Juni."

Agniya alinitazama.

"Chukua tisa," nikasema. "Ni tatu mara tatu. Namba nadhifu."

Mama mmoja mtu mzima alikuwa akipita na ndoo. Nilikuja kumjua baadaye kwa jina la Bi Nonna, mtunza makoti ya watazamaji wa ukumbi ule. Aliitazama jezi mkononi mwa Agniya, akafanya ishara ya msalaba, akapita.

Nilidhani ni mambo ya wazee. Nilikuwa na miaka sitini na sita, lakini wazee siku zote nilidhani ni wengine.

Basi, siku ya maua ya kwanza, aliyeyakuta mlangoni alikuwa Dinara, nahodha wa timu. Mtatari huyu, wa kabila la Waislamu wa kwetu, alikuwa na mdomo mkali na roho ya chuma.

"Nani ana mzaha wa kishenzi namna hii?" alifoka.

Hakungoja jibu. Alichomoa ua moja, akalivunja shina, akalitupa kwenye pipa la taka.

"Haya. Sasa ni matano. Umefufuka, twiga wewe. Nenda kaoge."

Wenzake walicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilichotafuta mlango wa kutokea.

Agniya hakucheka. Alikishika kile kikaratasi kwa ncha za vidole.

"Babu, nimemkosea nani?"

"Hujamkosea mtu. Ni mpuuzi mmoja wa timu pinzani. Vaa kofia, nje kuna baridi."

Nilikwenda chumba cha makoti.

"Bi Nonna, nani kaleta maua yale?"

"Mama mmoja."

"Mama gani?"

"Mama tu, Mzee. Kaacha, kaenda zake. Hata koti hakuvua."

"Akija tena, mwite mlinzi. Watu wa namna hiyo wanafaa kufikishwa polisi. Umenielewa?"

Alinitazama kwa muda, mikono yake ikiwa juu ya koti la mtu.

"Nimekuelewa sana, Mzee," akasema.

Kuanzia siku hiyo kila nilipomuuliza hakuwa ameona mtu. Maua, hata hivyo, yalizidi kuja. Mechi ya pili ya nyumbani, sita. Ya tatu, sita. Yalikutwa juu ya kiti nje ya chumba cha wachezaji, yamefungwa kwa uzi mweupe, na kikaratasi kilekile chenye mwandiko uleule wa kushuka kama mtu anayeteremka ngazi.

Timu ikaanza kubadilika.

Hakuna aliyetaka kunywa kwenye chupa ya Agniya. Kwenye basi kiti cha pembeni yake kilibaki kitupu, mpaka Dinara alipokikalia kwa hasira na kuwatazama wenzake mmoja mmoja.

"Mnaogopa nini, kuku nyie? Kifo hakipandi basi la klabu. Lina baridi mno."

Lakini Dinara mwenyewe alileta dua ya bibi yake iliyoshonewa kwenye kitambaa. Msichana mwingine akaleta maji ya kanisani kwenye chupa ya soda. Agniya aliivaa dua, akanywa na maji, asije akamkasirisha yeyote huko juu.

Mimi nilikuwa mtu wa vitabu. Niliwaambia kwamba namba haiui. Sita ni sita: mbili mara tatu.

Ila nyumbani, nikiwa peke yangu jikoni, nilijikuta nikihesabu vijiko.

Kisha mambo yakaanza mwilini.

Ilikuwa Desemba. Robo ya tatu ya mchezo, Agniya alisimama katikati ya uwanja akiwa ameshika magoti, mpira ukapita karibu naye kama mgeni asiyejuana naye. Kocha alimtoa. Baadaye, tukiwa kwenye tramu, aliniambia:

"Babu, moyo unaruka mpigo mmoja. Halafu inakuja miwili kwa pamoja, kama mtu anayejikwaa."

"Ni woga."

"Mimi siogopi."

"Unaogopa maua. Akili ikisumbuka, moyo hufuata. Jikaze."

Tulipita vituo viwili. Kisha akasema polepole:

"Wiki iliyopita tulicheza ugenini. Kule hakukuwa na maua. Na kule pia uliruka."

Nimefundisha watoto kuthibitisha nadharia kwa miaka thelathini na minane. Huyu alikuwa ameniletea uthibitisho mkononi, safi, wa mstari mmoja. Nikaukataa.

"Umeyabeba kichwani mpaka ugenini," nikasema.

Januari aliinama kufunga kamba za viatu. Alipoinuka, aliona giza, akateleza ukutani mpaka sakafuni. Wenzake walipiga kelele. Jambo la kwanza Dinara alilofanya lilikuwa kukimbilia kile kiti cha nje na kuchomoa ua moja.

Mtanielewa. Msichana ameanguka, na sote tunakimbilia maua.

Daktari wa timu alimpima shinikizo la damu, akafungua jalada lake, akasoma cheti cha Agosti.

"Cheti safi kabisa," alisema. "Ni mishtuko tu. Haya maua yanamtesa mtoto wa watu. Mpeni chai ya mnanaa, na mtafuteni huyo mchawi."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ningeweza kusema neno. Nilitazama dirisha.

Kuanzia hapo mambo yote yakawa na jina moja. Uso wake ukipauka: maua. Pumzi zikimkatika kwenye mbio fupi: maua. Akiamka alfajiri ameloa jasho: maua. Mji mzima ulijua habari hiyo. Mashabiki walimletea hirizi. Gazeti la mkoa liliandika juu ya "kisirani cha namba tisa". Klabu ikaweka mlinzi wa pili. Maua yakaendelea kuja, kwa sababu mlinzi wa pili alikuwa mpwa wa Bi Nonna, jambo ambalo hakuna aliyefikiri kuuliza.

Na bado alicheza, jamani. Alicheza kama mtu anayefukuzwa. Pointi ishirini na moja, ishirini na nne, mipira kumi na moja aliyoidaka chini ya kikapu katika mchezo mmoja. Tulifika nusu fainali. Mechi mbili za kwanza zikagawanywa, moja kwetu, moja kwao. Ya tatu ilikuwa kwetu, Jumamosi, saa tisa alasiri, na kocha aliletewa habari kwamba watu wawili wa timu ya taifa watakaa safu ya nne.

Wanakuja kumtazama Agniya.

Asubuhi ile hakumaliza uji wake. Rangi ya uso wake ilikuwa ya karatasi ya zamani. Tulikaa kimya kwa dakika moja, yeye juu ya begi, mimi kwenye kibao, kama ifanywavyo kabla ya safari, ingawa ukumbi ulikuwa vituo vitatu tu vya tramu.

"Babu," alisema, "leo nisipocheza itakuwaje?"

"Usipocheza kwa nini?"

"Sijui. Mwili unakataa."

"Mwili ni mwanafunzi. Haukatai. Unaamrishwa."

Alicheka kidogo, akafunga zipu ya koti.

"Ndiyo, Mwalimu," akasema.

Hakuwa amewahi kuniita hivyo kabla ya siku ile.

Alipoondoka nilivaa suti yangu nyeusi, nikafunga tai, nikaenda kumvizia huyo mchawi. Saa sita mchana nilikuwa nimekwishakaa nyuma ya safu ya mwisho ya makoti, kwenye kigoda, kama msimamizi wa mtihani. Bi Nonna aliniona. Hakunifukuza. Aliketi tu, akashona kifungo cha koti.

Saa saba na nusu mlango ulifunguka.

Aliingia mwanamke mfupi, amejifunga shali ya kijivu ya manyoya ya mbuzi, theluji ya Aprili ikiyeyuka mabegani mwake. Mkononi alikuwa na gazeti lililokunjwa. Ndani ya gazeti, maua meupe.

Nilihesabu. Sita.

Nikajitokeza.

"Mama, huoni haya?"

Alishtuka, lakini hakukimbia.

"Huoni haya?" nilirudia, kwa sauti ile iliyowahi kunyamazisha madarasa ya watoto arobaini. "Miezi sita unamletea msichana maua ya maiti! Mjukuu wangu yu hai!"

Yule mwanamke aliniinulia uso. Macho yake hayakuwa na ubaya wowote. Yalikuwa yamechoka tu.

"Najua yu hai," akasema. "Wangu ndiye hayupo."

Bi Nonna aliweka sindano chini.

"Mzee," akasema, "huyu ni Serafima Pavlovna. Binti yake ni Rimma. Rimma alikuwa namba tisa."

Niliyatazama tena yale maua.

"Ni miaka kumi na moja iliyopita," Bi Nonna aliendelea. "Alifia hapo." Alielekeza kwa kidevu ukanda uliokuwa nyuma yangu, wenye sakafu ya vigae vya kijani. "Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Viongozi wakatuambia tusiongee, klabu itachafuka. Gazetini wakaandika mafua makali. Jezi ikafungiwa kabatini."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza nani kaleta maua, nikakujibu. Ukasema nimwite mlinzi, apelekwe polisi. Nimpeleke polisi mama anayemletea mwanawe maua? Hukuuliza tena kama mtu, Mzee. Uliuliza kama mkaguzi."

Serafima Pavlovna alikuwa akiyapanga maua yake, uzi mweupe umelegea.

"Kaburi lake liko mbali, mji alikozaliwa," alisema. "Siwezi safari kila wiki. Miaka kumi nilikuwa nakaa nyumbani. Mwaka huu jirani akaniambia, namba tisa inacheza tena. Nikaja kuona. Nikakaa huko juu kabisa. Nilipoiona ile tisa inakimbia..." Akaukaza uzi. "Nikasema nitakuwa namletea hapa. Alikuwa anapenda hapa. Nikaandika kwa Namba Tisa, maana viongozi hawataki jina lake litajwe ukumbini. Magazeti nafungia maua tu, siyasomi tangu yaandike mafua; sikujua kwamba yule binti anayaona. Nilidhani Nonna anayaweka pale ukandani."

"Nayaweka pale pale," Bi Nonna alisema. "Kiti kipo pale pale alipoanguka. Ni klabu iliyokuja baadaye kukihamishia chumba cha wachezaji mlango wa pili kutoka pale."

Nilitamani kucheka. Miezi sita ya dua, maji ya kanisani na walinzi wawili! Nilipumua. Nilikuwa tayari kumwomba radhi yule mama, kumbusu mkono, kwenda kumwambia Agniya: mwanangu, kumekucha, hakuna kisirani.

Nikauliza, kwa adabu tu, kama mtu anavyomuuliza mfiwa:

"Alikuwa anaumwa nini, marehemu?"

"Moyo," Serafima Pavlovna alisema. "Tulikuwa hatujui. Alikuwa analalamika unamrukaruka, unasimama kidogo, unakuja kwa kishindo. Akiinama kufunga viatu, akiinuka anaona giza. Kocha akamwambia ni mapenzi, ana mvulana. Mimi nikamwambia ni kutokula vizuri. Kila mtu alikuwa na jina lake la kuliita."

Nilimsogelea.

"Akiamka ana jasho?" nikauliza.

"Shuka unaikamua."

Kutoka ndani ya ukumbi nilisikia mipira ikidunda. Walikuwa wameanza kupasha mwili moto. Katika ile ngurumo nilijua, kama baba anavyojua kikohozi cha mwanawe, upi ulikuwa mdundo wa Agniya.

Sasa sikilizeni. Nimewasimulia habari yote hii nikiwa nimesimama wima kama nilivyozoea, nikimlaumu nahodha, daktari na gazeti. Kuna jambo nimeliruka. Nililiruka pia miezi ile yote.

Agosti, kabla ya usajili, Agniya alipimwa katika zahanati ya mji wetu wa migodi. Daktari alikuwa Rodion, mwanafunzi wangu wa zamani. Aliniita pembeni akiwa ameshika ule utepe wa karatasi unaochora mapigo ya moyo.

"Mwalimu, kuna kitu hapa sikipendi," aliniambia. "Apimwe kwa mashine kubwa ya mkoani. Foleni ni wiki tatu."

Mkataba ulikuwa utiwe saini baada ya siku tano.

"Rodion," nikamwambia, "nilikufundisha miaka sita. Nimewahi kukuomba kitu?"

Akatazama chini.

"Hapana, Mwalimu."

"Basi leo naomba. Weka sahihi. Mashine tutakwenda baada ya msimu."

Akaweka sahihi. Agniya alikuwa nje, amekaa kwenye benchi, anakula tufaha. Sikumwambia. Sikumwambia siku ile, wala kwenye tramu, wala alipoteleza ukutani. Niliyaachia maua lawama yangu.

Mchawi aliyetafutwa na mji mzima alikuwa amevaa suti nyeusi na tai.

Nilikimbia. Mtu wa miaka sitini na sita akikimbia na viatu vya ngozi juu ya vigae hufanya kelele za ajabu. Mpwa wa Bi Nonna alinizuia mlangoni, nikamsukuma. Nikaingia hadi katikati ya uwanja na koti langu mwilini, mbele ya watu elfu mbili.

"Mzee, toka uwanjani!" kocha alipiga kelele.

"Mtoe Agniya."

"Nini?"

"Cheti chake ni cha uongo. Nilikiomba mimi. Daktari aliona kasoro ya moyo, nikamwomba anyamaze. Mtoe."

Agniya alikuwa na mpira mkononi. Alisikia kila herufi.

"Babu, unasema nini?"

"Mzee kachanganyikiwa," Dinara alisema, akimshika bega. "Ni presha ya mechi. Twende, twiga."

"Sijachanganyikiwa. Maua si yako, mwanangu. Ni ya msichana mwingine aliyevaa tisa, amekufa kwa ugonjwa huu huu unaoumwa wewe. Tangu Agosti nilikuwa najua kuna kitu."

Alinitazama. Nimewahi kuona uso ule mara moja tu, siku nilipomwambia kuwa mama yake hatarudi.

"Wapo pale," alisema kwa sauti ya chini. "Safu ya nne. Miaka kumi na minne, Babu. Wapo pale wamekaa. Niache nicheze leo tu. Kesho nitapimwa popote utakapo."

Hayo yalikuwa maneno yangu. "Baada ya msimu." Alikuwa akiniambia maneno yangu mwenyewe, na sikuwa nimewahi kumfundisha.

"Hapana," nikasema.

"Kocha!" Agniya aligeuka. "Niko sawa! Nitazame! Niko sawa!"

Kocha alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alimtazama mchezaji wake bora, akatazama safu ya nne, akatazama midomo ya Agniya, ambayo sasa mimi pia niliiona ilivyokuwa na rangi ya buluu pembezoni. Sijui ni mara ngapi ilikuwa hivyo.

"Vua jezi," akasema.

Agniya aliuweka mpira sakafuni taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Alipopita karibu nami hakugeuza kichwa.

"Usinisubiri nje," aliniambia.

Tulifungwa kwa pointi nne. Nilipopita kwenye kundi la mashabiki, mzee wa rika langu alinitemea mate kwenye kiatu. Sikukipangusa.

Jumanne alilazwa kwenye kliniki ya moyo. Daktari bingwa alikuwa mama mwenye miwani minene. Alinionyesha picha: ukuta wa moyo ulikuwa mnene kama wa ngome, mahali unapopaswa kuwa mwembamba.

"Amecheza na hiki msimu mzima?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Uwezekano wa yeye kufia uwanjani Jumamosi ile ulikuwa..." Alinisoma uso. "Wewe ni mwalimu wa hesabu, nimeambiwa. Basi sitakutajia asilimia. Utaikokotoa mpaka uwe kichaa."

Walimwekea kifaa cha kuushtua moyo ukisimama, kifuani, chini ya mtulinga. Mpira wa ushindani uliisha siku ile. Wale watu wa safu ya nne walimpelekea barua ya heshima, yenye muhuri, wakimtakia afya njema.

Mimi niliandika barua yangu, nikaipeleka kwa wakubwa wa afya wa mkoa, nikataja jina langu kwanza na la Rodion baada yake. Alisimamishwa kazi mwaka mzima. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinifungulia mlango, hakunikaribisha ndani.

"Mwalimu," alisema, "ulinichapa viboko vitatu darasa la sita kwa kunakili jibu la mwenzangu. Unakumbuka? Nilikuheshimu kwa viboko vile maisha yangu yote."

Akafunga mlango kwa upole. Upole ule bado unaniuma.

Kutoka kliniki Agniya alihamia kwa Serafima Pavlovna, aliyekwenda kumtazama huko. Yule mama alikuwa na chumba kitupu. Miezi minane sikusikia sauti ya mjukuu wangu. Habari nilizipata kwa Dinara, aliyenipigia simu kila Jumapili na kunitukana kidogo kabla ya kuniambia kuwa anakula vizuri.

Mwezi wa Desemba, mchana, mlango uligongwa. Alikuwa amesimama wima kabisa, kichwa karibu kinagusa taa ya ukandani. Alikung'uta theluji kwenye viatu, akaingia, akaketi jikoni. Nikampakulia supu ya kabichi. Alikula bakuli lote, nami sikuthubutu hata kugusa kijiko changu.

"Nimepata kazi," alisema hatimaye. "Nafundisha wasichana wadogo. Miaka tisa mpaka kumi na mbili."

"Vizuri."

"Jana mmoja kaniambia anaumwa tumbo. Nikamkalisha. Mama yake akaja juu, eti namlea mwanawe kimayai."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia nina babu yangu, akaongee naye."

Sikujua kama nicheke au nilie.

"Sijakusamehe," Agniya alisema.

"Najua."

"Usije ukadhani supu ndiyo msamaha."

"Sidhani."

Alisukuma bakuli mbele yangu.

"Daktari kasema nikifuata masharti nitaishi mpaka uzee," akasema. "Kwa hiyo nina muda mrefu sana wa kukukasirikia, Babu. Niongeze supu."

Nikamwongeza.

Nyinyi mnaolea watoto wa michezo, wa masomo, wa kitu chochote kile: mtoto akikwambia anaumwa, mwamini kwanza. Kumkemea utamkemea kesho, ukimkuta.